Boksi ya Sabufa kwa Corolla 100 ya Mzee: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kwanza hii

Hii ni kazi tulifanya hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Jina la mwenye gari, mtaa anakaa na namba ya gari nimetoa, duka alinunua vitu pia sitaitaja. Vipimo ndio nimeacha vile vilikua, juu stori ya boksi bila vipimo haisaidii mtu. Makosa mengi hapa ni yangu mwenyewe, nasema mapema ndio msinitafutie.

Gari, mzee, na kile alitaka

Gari ni Toyota Corolla saluni, ile tunaita 100, ya 1994, injini 5A ya 1500. Mzee amestaafu, ameendesha hiyo gari zaidi ya miaka ishirini na bado ukifungua boneti unaeza kula chakula hapo juu. Rangi imechoka kidogo kwa paa lakini ndani viti bado viko na vile vitambaa vya asili. Kila mwezi anaenda nayo mashambani na kurudi.

Alikuja kwa kibanda na sabufa, yaani ile spika kubwa ya besi, ya inchi 12 ikiwa bado kwa katoni, amplifaya ya chaneli moja, na kifurushi cha waya. Alikua ameuziwa vyote mahali pamoja Luthuli, pale kwa maduka ya elektroniki mjini. Katoni imeandikwa 1500W kwa herufi za kukutoa macho. Nikafungua nikatafuta ile karatasi ndogo ndani ambayo hakuna mtu husomanga, na hapo RMS ni 300. Hiyo 300 ndio kazi ya kila siku ya sabufa, 1500 ni ile inaeza kuguswa kwa kipande cha sekunde hivi, ikizidi hapo ni moshi. Bahati nzuri ampu nayo ilikua inatoa kama 300 kwa omu 4 na sabufa ni ya omu 4, kwa hivyo bila mtu kukusudia zilikua zimeoana.

Sasa sikiza vile mzee alisema, juu hapa ndio kisa kizima kiko. Alisema, "Kijana, sitaki kutetemesha madirisha ya watu kama matatu. Mimi nasikiza rumba na benga. Nataka nikiwa kwa gari nisikie huyo mtu wa gitaa la besi anafanya nini."

Nikamwambia sawa mzee, hiyo ni kazi ndogo. Nilisikia lakini sikuskiza.

Boksi ya kwanza na kwa nini niliijenga hivyo

Kwa ile karatasi ya sabufa kulikua na namba nne za maana: Fs, yaani mlio wa asili wa sabufa ikiwa nje ya boksi, hezi 32 (mitetemo 32 kwa sekunde), Qts, yaani vile koni inajizuia isiendelee kucheza, 0.50, na Vas, hewa yenye ulaini sawa na springi ya koni, lita 45. Qes, ile sehemu ya Qts ya upande wa umeme, ilikua 0.56. Kuna hesabu ya haraka mafundi hufanya, unagawa Fs kwa Qes, ukipata kama 50 kushuka sabufa inataka boksi iliyofungwa kabisa, ukipata karibu 100 kupanda inataka boksi ya porti, yaani ile iko na tundu la kupumua. Hii yetu ilileta 57. Iko kati lakini imeegemea upande wa kufungwa, na mtu yeyote mwenye kichwa kimetulia angefunga.

Mimi nilijenga ya porti. Sababu ni tatu na hakuna hata moja inahusu mzee: wateja wangu wengi ni vijana na watu wa matatu na hao wote wanataka porti, kwa hivyo mkono umezoea, porti inapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile na nilijua mtu akisikia nguvu anafurahi siku ya kwanza, na nilikua na bodi nzima ya MDF, ile mbao ya nyuzi zilizoshindiliwa, ya milimita 18 imekaa hapo nataka iishe.

Tukapima buti. Na hapa nataka mnielewe vizuri, tulipima na tepu, mara mbili, mimi na fundi wa mbao wa jirani, hakuna kubahatisha. Upana kati ya matao ya magurudumu, kimo mpaka chini ya rafu ya nyuma, kina mpaka mahali spea inaanza. Tukaandika kwa kipande cha mbao. Boksi ikatoka milimita 960 upana, 400 kimo, kina 260 chini na 180 juu ndio ilale na mgongo wa kiti. Ukitoa unene wa mbao, ukatoa nafasi sabufa na paipu zinakula, ndani inabaki kama lita 57. Porti nikatumia paipu ya PVC ya inchi 4, urefu wa sentimita 24 na nusu, ikapindwa na elbo juu boksi haikua na kina cha kutosha kuilaza. Hiyo inatuni boksi kwa kama hezi 36.

Ilikua boksi safi. Kapeti nyeusi, kona zimekaa, fundi wa mbao alikua anaipiga picha.

Jumamosi mchana tukaiweka, ikaingia vizuri, nikafunga buti. Kifuniko kikashuka mpaka kama sentimita kumi hivi kikagoma, na kukawa na mlio wa mbao ikisagwa.

Hizi Corolla za zamani hinji za buti ni zile za mkono umepinda kama shingo ya bata. Buti ikiwa wazi mikono imepanda juu haiko njiani. Ukifunga inashuka ndani ya buti yenyewe, pande zote mbili, na inakula nafasi ambayo tepu yako ilikuambia ni yako. Alafu kuna vile vyuma viwili vyembamba vya springi vinapishana chini ya rafu, hivyo ndio vinainua kifuniko, na hivyo navyo vilikua vinakwaruza juu ya boksi. Sisi tulipima buti ikiwa wazi. Sijui ni watu wangapi wamewahi kupima buti ikiwa imefungwa, lakini ndio kipimo ya kweli.

Mzee alikua amekaa kwa stuli anakunywa chai. Hakusema kitu, aliangalia tu ile alama kwa kona ya boksi.

Kuokoa siku nikasema tujaribu sauti tu buti ikiwa imefungwa nusu na kamba. Nikaunga waya za muda, mzee akaingia kiti cha mbele akaweka rumba yake. Ilinguruma, vijana wa hapo nje wakapiga makofi. Mzee akaskiza kama dakika mbili, akazima.

"Fundi, hii ni ngoma moja inapigwa tu. Duu, duu, duu. Gitaa imeenda wapi?"

Alikua sawa kabisa, na sababu si siri. Sabufa ya Qts 0.50 ukiiweka kwa boksi ya porti ya ukubwa huo inainua kilima hapo kati ya hezi 40 na 60, na ndani ya gari, juu gari ni chumba kidogo, besi ya chini inainuka yenyewe tena juu ya hiyo. Gitaa la besi la nyuzi nne, ule uzi mnene ukipigwa wazi ni kama hezi 41. Mpigaji wa rumba hakai hapo, anatembea, anapanda anashuka, na noti zake nyingi ziko kati ya hapo na hezi mia na kitu. Boksi yako ikipenda noti mbili tatu kuliko zingine, zile zingine zinapotea na unabaki na duu. Kwa mziki wa siku hizi wenye besi ya kompyuta hutaona hiyo shida sana, lakini kwa benga ni wizi.

Kurudi nyuma

Nilimwambia mzee makosa ni yangu, bodi na fundi wa mbao nitalipa mimi. Bodi ilikua KSh 3,900, ukata na mkono wa fundi 1,500, kapeti na paipu na gundi sikutaka hata kuhesabu. Mzee akauliza tu kama Jumamosi ijayo nitakua, akaenda.

Hiyo wiki nilifanya kitu moja ningefanya mwanzo. Nikachukua katoni ya TV, nikakata boksi ya karatasi kwa ukubwa nilikua nafikiria, nikabandika na seloteipu, nikaweka kwa buti na nikafunga. Katoni ikabonyea pale mikono inagusa. Nikakata hapo, nikafunga tena, nikakata tena. Baada ya mara nne nikafunga buti ikalia kla, nikafungua, hakuna mahali imebonyea. Hiyo katoni ndio ilikua kipimo: 760 upana, 360 kimo, 300 chini, 200 juu. Gharama ni dakika arobaini na seloteipu.

Alafu hesabu, na wakati huu imefungwa, hakuna porti. Ndani inabaki 724 kwa 324, kina cha wastani 214, hiyo ni lita 50. Toa lita mbili na nusu za mwili wa sabufa, toa moja na nusu ya mbao ya kukaza katikati, unabaki na 46. Kwa boksi iliyofungwa hesabu ni rahisi, unagawa Vas kwa lita za boksi, unaongeza moja, unatafuta kipeuo cha pili, alafu unazidisha na Qts. Hapa ilileta 0.70, na mlio wa boksi kwa hezi 45. Watu wa sauti wanapenda hiyo 0.7 juu hapo besi inashuka taratibu bila kilima. Ningenunua boksi ya tayari, ile ya inchi 12 nilipima dukani ilikua lita 28, ingeleta 0.81 na hezi 52. Si mbaya hivyo, mtu mwingine angependa hata zaidi, lakini ina kilima kidogo na mzee alikua ashatosheka na vilima.

Ile kujenga nitapita haraka isipokua mambo mawili. MDF ukipiga skrubu kwa ukingo bila kutoboa kwanza inapasuka katikati kama biskuti, toboa na drili ya milimita 3, gundi nyeupe ya mbao kwa urefu wote, alafu skrubu kila sentimita 15. Na gundi ndio inashika, skrubu ni za kuishikilia ikikauka.

Ya pili ni kuvuja. Boksi iliyofungwa ikivuja si iliyofungwa. Ndani tukapitisha silikoni kwa kila kona tukaacha siku nzima, juu silikoni mbichi inatoa ile harufu ya siki ambayo haifai kufungiwa na sabufa. Baada ya kufunga sabufa na gasketi yake, nikasukuma koni polepole na vidole vya mikono yote miwili nikaachilia. Koni ikirudi kama mtu anainuka kitandani Jumapili boksi imeshika hewa, ikirudi pap kuna mahali inavuja. Yetu ilirudi pap. Tukacheza mlio wa hezi 30 polepole tukapitisha mshumaa kwa kingo, na pale kwa kikombe cha kuungia waya moto ukaanza kucheza. Hicho kikombe cha plastiki kilikua kimekuja bila gasketi. Tukakata moja kutoka tyubu ya baiskeli, ikaisha.

Ndani nikaweka pamba ya mto, kama nusu kilo, haijashindiliwa. Inafanya boksi ijifanye kubwa kidogo.

Waya

Kifurushi mzee aliuziwa kilikua na waya nene ya kupendeza imeandikwa 8 geji. Nikakwaruza uzi mmoja na kisu, chini ya ile rangi ya kopa kulikua na weupe. Ni aluminiamu imepakwa kopa. Si kwamba haifanyi kazi, inafanya, lakini inapitisha umeme vibaya kuliko kopa kamili na unene mwingi unaouona ni plastiki. Ampu ikitoa 300 inavuta kama ampea 27 hivi kutoka mbele, na kwa mita tano za hiyo waya unapoteza karibu nusu volti kabla hata umeme ufike buti. Tukanunua 4 geji (namba ya geji ikishuka waya inanenepa) ya kopa ya kweli kwa mita, hasara ikashuka mpaka kitu kama sehemu ya kumi ya volti.

Fyuzi ya ampea 50 ikakaa karibu na betri, chini ya sentimita 45. Kuna mafundi huweka fyuzi kule nyuma karibu na ampu na wanasema iko na fyuzi. Fyuzi kazi yake hapo ni kulinda waya, hiyo waya inapita chini ya kapeti ya gari yote, ikikatwa na reli ya kiti katikati fyuzi ya nyuma haijui chochote na gari inawaka.

Kabla ya hayo yote nikapima volti. Gari ikiwa saileni, yaani injini inanguruma tu bila kukanyaga, taa na feni zimewashwa, 13.2. Besi ikipiga, 12.4, na taa za dashi zinapepesa. Mzee akaanza kuuliza bei ya altaneta. Nikamwambia ngoja. Ile waya ya ardhi kutoka injini kwenda bodi ilikua na kutu ya kijani tangu sijui lini, nikaitoa nikaisugua na msasa, nikaongeza nyingine kando yake. 13.6, na besi ikipiga 13.0. Bado zinapepesa kidogo sana ukiwa kwa jam usiku na waipa ziko on, lakini hiyo ni gari ya 1994 na mzee alikubali.

Geini ya ampu, ile kitufe cha kupandisha nguvu yake, sikuiweka na sikio. Wati 300 kwa omu 4 ni kama volti 34.6 kwa ile mita ya kupimia volti, nikalenga 31 na kitu, hiyo ni kama 250, nikiwa nimetoa sabufa na nacheza mlio wa hezi 50. Filta, ile inazuia sauti za juu zisifike sabufa, kwa hezi 80.

Besi imekataa kuingia ndani

Sikuitarajia. Boksi imeingia, buti imefungwa kla, mzee amekaa mbele, ampu iko sawa, na ndani ya gari besi ni kama iko kwa jirani. Nikatoka nje. Nje ndio kulikua na sherehe, namba pleti inapiga kelele kama bati la kibanda kwa upepo.

Kwa hiyo gari ya mzee viti vya nyuma havilali, na nyuma yake kuna bati lenye matundu machache, limefunikwa na hadibodi. Kwa hivyo buti ni chumba chake. Kwa stesheni wagoni au hachibeki huonagi hiyo shida juu yote ni chumba moja.

Tulijaribu kugeuza boksi sabufa iangalie kiti, ikawa vibaya zaidi. Tukairudisha iangalie nyuma kwa kifuniko, ikapata nguvu kidogo. Alafu nikaangalia juu kwa rafu. Spika za nyuma zilikua zimekufa zamani, karatasi imeliwa na jua, ukigusa inabaki kwa kidole kama majani makavu. Nikazitoa zote mbili nikaacha matundu wazi, nikarudisha vifuniko vyake vya wavu juu. Mzee alikua bado ndani. Akafungua mlango akaniita, "Fundi, umefanya nini?" Si kwa ubaya. Akaongeza, "Huyo sasa ndiye."

Yaani matundu mawili ya spika zilizokufa yalifanya kazi kuliko ampu kubwa ingefanya. Nilikua karibu kumwambia anunue nyingine.

Kelele za bati

Siku nzima ilienda hapa na ningekua nimeipangia siku mbili. Gari ya zamani kila kitu kimelegea kidogo, na besi inapata kila kilicholegea. Tukaweka simu icheze mlio unapanda polepole kutoka hezi 30 mpaka 80, sauti ya chini, na kijana wangu wa mkono akaingia buti na tochi nikafunga. Alitoka baada ya dakika tano na jasho lakini na orodha: vile vyuma viwili vya springi vinagongana pale vinapishana, jeki kwa upande wake inacheza, taa ya breki ya juu, na kufuli ya buti yenyewe.

Vyuma tukafunga kipande cha tyubu katikati na tai za plastiki. Jeki ikafungwa kitambaa. Namba pleti sifongo nyuma na skrubu mbili zaidi. Kifuniko cha buti tukabandika shiti za butili ndani. Kuna watu hutumia ile tepu ya lami ya kuziba paa juu ni bei rahisi, mimi niliacha, gari ikikaa kwa jua la saa nane pale parking ya mjini inalainika na ndani inanuka barabara mpya.

Na kufunga boksi chini. Na sabufa ndani ni zaidi ya kilo 20, gari ikigonga hicho kitu kinakuja kukusalimia mgongoni. Mzee pia alikua ameshikilia kwamba spea lazima itoke, na ni haki yake, anasafiri usiku. Tukaweka bolti mbili na nati za masikio za kufungua na mkono, na waya ya sabufa ikawa na plagi. Kabla ya kutoboa sakafu tuliingia chini ya gari tukaangalia ni nini iko hapo, kwa hiyo gari tanki iko chini ya kiti cha nyuma na paipu zake ziko karibu.

Ilivyoishia

Badala ya wikendi moja zilikua tatu. Mzee alilipa ile tulikua tumeelewana mwanzo na bei ya waya mpya, boksi ya kwanza nilikula hasara. Mwezi wa pili akapata pancha usiku akirudi kutoka mashambani, akanipigia kesho yake si kulalamika, kunieleza boksi ilitoka kwa dakika nne na alipima na saa yake.

Mwezi wa nane hivi alirudi, mvua ndefu zilikua zimepita. Besi imekua kama imelegea, kuna mlio kama wa mtu anapuliza chupa. Nikatoa boksi. Kona ya chini kushoto MDF ilikua imevimba milimita tatu nne, imefunguka mpaka silikoni imeachia. Maji. Gasketi ya taa ya nyuma upande huo ilikua imekauka ikapasuka, kila mvua kijiko kimoja kinaingia kinakaa chini ya kapeti, na sisi tulikua tumeketisha MDF mbichi juu yake. MDF na maji ni kama mkate na chai.

Tukakata ile sehemu ya chini tukaweka plaiwudi ya marine ya 18, boksi nzima ikapigwa vanishi mara tatu kabla ya kapeti kurudi, chini ikapata miguu ya raba ya sentimita mbili. Gasketi ya taa nilipata kwa gari lingine lililovunjwa, pale Kirinyaga Road, shilingi mia tatu. Tangu hapo iko sawa.

Nikiangalia nyuma

Kosa kubwa si hinji. Hinji iliniumiza mfuko lakini hata kama boksi ya kwanza ingeingia vizuri, mzee angeenda na duu duu yake na angerudi baada ya mwezi, ama asirudi kabisa na aambie watu. Kosa lilifanyika kabla ya tepu kutoka mfukoni, pale alisema rumba na mimi nikaanza kufikiria porti. Siku hizi namwambia mteja aweke nyimbo tatu anazozipenda kwa gari yake kabla sijauliza kitu kingine, na nakaa kiti cha abiria naskiza. Ni dakika kumi. Zinabadilisha boksi kuliko kitu chochote kiko kwa karatasi ya sabufa.

Katoni ilifanya kazi na sasa ni lazima kwangu, hakuna mjadala. Tepu inakupa nafasi iliyo wazi, katoni inakupa nafasi iliyobaki kila kitu kikishakaa mahali pake.

Ile ya kupima kabla ya kununua, yaani volti, kuvuja na geini, nadhani ndio iliokoa mzee pesa nyingi zaidi. Angenunua altaneta hakuhitaji, na pengine ampu kubwa juu besi haiingii ndani. Waya yenye kutu na matundu mawili ndio yalikua majibu, na yote mawili yalikua karibu bure.

Maji sina kisingizio. Nilikua nimeinua kapeti ya buti wakati wa kutoboa bolti na nikaona alama ya kahawia pale kona, nikadhani ni soda. Gari ikiwa na miaka thelathini kila alama ya kahawia ni maji mpaka ithibitishwe ni soda.

Pamba ya ndani sina uhakika ilisaidia. Kwa hesabu inafaa kusaidia, kwa sikio langu sikuona tofauti ya kuapa. Niliiacha tu juu haikua inaumiza.

Na kuna kitu kimebaki hakijaisha. Spika za mbele za mzee ni zile za kiwanda, karatasi imechoka, sasa vile besi iko sawa unasikia wazi kwamba sauti ya mwimbaji ndio imebaki nyuma. Amerudi juzi kuuliza. Boksi ya kwanza bado iko hapa kwa kibanda, na ile alama ya hinji kwa kona. Alikalia hiyo akinywa chai nikipima milango.